Mbao za zamani chumbani kwa bibi harusi: ulizeni zimetoka wapi



Msimu huu wa harusi swali moja limetufikia mara nyingi kuliko mengine, na wanaolileta ni wenzetu walioposwa bara, Kahama, Geita, Katoro na Shinyanga mjini. Watoto wa Unguja na Pemba tumetawanyika, alhamdulillahi. Popote penye duka la nguo au la vipuri utamkuta Mpemba, na penye Mpemba kuna harusi. Basi mchumba anasema kitanda, kabati na meza ya kujipambia vitatengenezwa kwa mbao za paleti zilizotoka migodini, au za milango ya nyumba iliyobomolewa, au za masanduku yaliyoletea mitambo. Mwari anauliza: hii si dharau? Na shangazi wakija kupamba chumba wataambiwa nini?

Tulitoe jibu mapema. Si dharau. Tunaona ni jambo la busara, na mwanamme anayelipendekeza badala ya kukopa asistahili kuchekwa. Lakini katika ukanda ule wa dhahabu kuna swali la kuuliza kabla hujachagua rangi ya vanishi: ubao huu umetoka wapi? Wengi wetu hatuliulizi kwa kuona haya, au kwa kudhani kwamba habari za mbao ni za wanaume.

Tuanze na haya, maana ndiyo inayotusumbua zaidi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, na sisi visiwani tunaujua ugonjwa huo. Tunaona fahari seti ya chumba ikishushwa kutoka kontena ikiwa bado na makaratasi yake, hata kama ndani ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa karatasi ya kung'aa. Ikipigwa na unyevu wa masika miaka miwili inavimba, mlango wa kabati haufungi, skrubu zinatoka na kipande chake. Hapo deni la seti bado linalipwa.

Na ajabu ni kwamba mbao kuukuu tunaziheshimu zikiwa za bibi. Kasha lenye njumu tunaligombania tukirithi. Kitanda cha besera kimelaliwa na vizazi vitatu na hakuna anayekiita mtumba. Meza za mbao za majahazi yaliyokufa zinauzwa kwa watalii kwa bei ambayo sisi wenyewe hatuimudu. Kwa hiyo ukuukuu wa ubao haujawahi kuwa tatizo letu. Tunachoogopa ni kuonekana hatuna, na hilo ni la moyo kuliko la seremala.

Nani katika sisi hajasikia habari za Bibi Fatma (R.A), aliyeingia nyumbani kwa Sayyidna Ali na vyombo vya kuhesabika kwa vidole, mto wake umejazwa majani? Tunazisoma habari hizo kila harusi, kisha tunatoka pale kwenda kuulizana seti imegharimu kiasi gani.

Kuna kisa kingine katika sira ambacho hatukisikii sana kwenye hotuba za ndoa, nacho kinagusa mbao hasa. Mtume (S.A.W) alipokuwa na umri wa miaka 35, kabla ya Utume, Maquraishi waliijenga upya Al-Kaaba. Hawakuwa na mbao za kuezekea. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba merikebu ilivunjika pwani ya Jidda, Maquraishi wakazichukua mbao zake, na kwa mbao hizo za chombo kilichovunjika ikaezekwa Nyumba tukufu kuliko zote duniani. Sasa mwari wa Kahama aone haya kulalia ubao wa paleti?

Kisa hicho kina upande wa pili ambao kwetu ndio wenye uzito. Kabla ya kujenga, Maquraishi, pamoja na ushirikina wao, walikubaliana wasiingize katika ujenzi ule mali ya zinaa, wala ya riba, wala iliyodhulumiwa kwa mtu. Mali safi ikawapungukia. Wakaona bora wapunguze jengo, na sehemu ile tunayoiita Hijr ikabaki nje ya kuta hadi leo. Mbao kuukuu waliziona hazina neno, ila asili ya mali waliichunguza. Sisi siku hizi tunafanya kinyume chake: tunachungulia kama kabati ni jipya, na fedha au ubao ulikotoka hatupaulizi.

Kwa nini tunaisema Kahama na Geita kuliko pengine? Kwa sababu kule mbao ina historia nzito, na sasa ina hatari yake.

Shinyanga ya zamani ilikuwa na miti. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa kwa makusudi ili kumfukuza mbung'o, baadaye ikafyekwa kwa mashamba ya pamba, na mifugo ikaongezeka juu ya ardhi ile ile. Hadi miaka ya 1980 watu walikuwa wakiizungumzia Shinyanga kama jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliokwenda hadi 2004. Uliposhika ni pale ulipoacha kuwafundisha Wasukuma mambo mageni ukarudi kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Likifungwa, miti nayo huota. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kijani. Kina mama ndio waliolihisi haraka, kwa sababu kuni na dawa za miti zilisogea karibu na nyumba.

Ukanda huo huo ndio wenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, Buzwagi ya Kahama ikaja 2009 na kusimamisha uzalishaji 2021. Pembeni yao wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, na kila duara wanalochimba linahitaji magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, yale wanayoyaita matimba. Magogo hayo hutoka msituni. Ongeza mkaa, ongeza matofali ya kuchoma, utaona kwa nini ubao uliokwisha kukatwa una thamani kule. Ukiutumia tena, kuna mti mmoja kwenye ngitili ya mtu ambao haukuguswa.

Hapo tunapenda kuwajibu shangazi wanaosema "basi mnunulieni mninga mpya, aheshimike". Mninga ni mti mzuri, hatubishi. Lakini mti wa msituni unahitaji kibali cha kukatwa na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, na mninga unaouzwa usiku bila karatasi umeibwa kwenye hifadhi ya umma. Kitanda kipya nacho kina asili yake ya kuulizwa. Mbao ya zamani ina masuali mengi zaidi, ndiyo, lakini mpya haijasamehewa.

Sasa twende kwenye hatari yenyewe, na hapa tunawaomba msome taratibu, hasa mlio wajawazito au mnaotarajia.

Migodi mikubwa hutenganisha dhahabu na mawe kwa kutumia sayanaidi. Ni sumu kali. Ikikutana na unyevunyevu au asidi hutoa gesi inayoua. Sayanaidi ya vipande huweza kusafirishwa katika masanduku makubwa ya mbao yenye mfuko ndani, na yakiwa matupu masanduku hayo yanatamanisha: mbao zake ni pana, nyoofu, safi kwa macho. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sayanaidi inakataza vyombo hivyo visitumike kwa kazi nyingine yoyote, na mbao zake hutakiwa kuteketezwa kwa utaratibu maalumu. Ukiona kwenye ubao mchoro wa fuvu la kichwa, au namba UN 1689, au dalili kwamba karatasi ya alama imekwanguliwa hapo, usiununue, usiukate, usiutie jikoni kuwa kuni. Hata ukipewa bure. Fundi akikuambia "nimeshaupiga randa, umeisha", jua kwamba vumbi la randa hiyo limeingia mapafuni mwake, masikini.

Kwa wachimbaji wadogo kuna zebaki. Mawe yaliyosagwa hupitishwa na maji kwenye ubao ulioinamishwa, kule mwaloni, kisha mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki kwenye beseni na baadaye huchomwa, mara nyingi wazi wazi. Mvuke wake hauonekani, na humfikia mtoto tumboni kupitia damu ya mama. Ubao uliokaa mwaloni miaka umekunywa maji ya pale na moshi wa pale. Hatuoni sababu hata moja ya ubao huo kugeuzwa kitanda cha mtoto, na tumeshasikia habari za vitanda vya namna hiyo.

Matimba ya maduara ya zamani nayo huuzwa, magogo mazito yaliyokauka vizuri. Tafadhali, dada zetu, hayo msiyaguse kwa sababu nyingine kabisa. Gogo lililotolewa duarani limeng'olewa juu ya vichwa vya watu, na mara nyingi vijana hurudi kuchimba katika duara lile lile lililoachwa. Mnakumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015? Kifusi kiliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Waliokuwa wakiomba dua majumbani siku zote hizo walikuwa wake na mama zao.

Ziko pia nguzo kuukuu za umeme zenye rangi ya kijani au harufu ya lami. Zimetiwa dawa ya sumu ili mchwa asizile. Kwa uzio wa ng'ombe, sawa. Kwa meza ya kulia chakula, hapana. Na milango ya nyumba za zamani iliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka huenda ina risasi katika rangi zake za chini, kwa hiyo isipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba, wala na mama mwenye mimba, wala mbele ya watoto.

Mkishatishika kiasi hicho, sasa tuwape faraja: paleti nyingi hazina shida yoyote, na ndizo tunazozitetea. Mbao zinazobeba mizigo ya kimataifa hupigwa muhuri kwa utaratibu uliopitishwa mwaka 2002. Tazameni ubavuni kwenye vigogo vya paleti, mtaona alama yenye suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba, kisha herufi nyingine mbili. HT maana yake imetiwa joto, angalau nyuzi 56 hadi kwenye kiini cha ubao kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Hiyo ichukueni. MB maana yake imefukizwa kwa gesi ya sumu. Sisi tunasema iachwe, zipo nyingine. Lakini muhuri unasema habari za wadudu tu. Hausemi ni kitu gani kilimwagika juu ya ubao baada ya kufika mgodini. Kwa hiyo muhuri peke yake hautoshi; tazameni madoa, nuseni, ulizeni ilibeba nini. Paleti iliyobeba matairi au vigae si sawa na iliyobeba madumu ya kemikali. Muuzaji asiyejua ilibeba nini, mpiteni.

Na ulizeni ilitokaje nje ya uzio. Iliuzwa na mgodi au ilirushwa juu ya ukuta usiku? Anayeuza kihalali atakuwa na karatasi, au atamtaja mtu aliyemuuzia mchana kweupe. Mwenyezi Mungu ameyataja maneno mawili pamoja, halali na twayyib. Aya inazungumzia chakula, tunajua. Lakini anayelala kwenye kitu saa nane kila usiku ana haki ya kuutaka ubao wake uwe halali kwa alivyoupata na mzuri kwa mwili wake.

Tumeambiwa na baadhi ya wanaume, kwa upole, kwamba mwari hana kazi kwa seremala. Imepokewa katika Bukhari kwamba bibi mmoja wa Kianswari alikuwa na mtumishi seremala, naye ndiye aliyemwambia Mtume (S.A.W) amtengenezee kitu cha kukalia. Ikatengenezwa mimbari. Katika mapokezi mengine imetajwa hata miti yenyewe, kwamba ni mti wa athl kutoka Ghaba. Bibi yule alimjua fundi wake na alijua anataka nini. Kama hamuwezi kwenda peke yenu, nendeni na kaka au na wifi, lakini nendeni kabla mbao hazijapigwa rangi, kwa sababu rangi ikishapita hakuna muhuri tena wa kutazama.

Jingine liwekwe wazi kabla ya nikahi. Huku kwetu samani mara nyingi ni sehemu ya mahari, nazo ni mali ya mke. Mchumba akisema "kitanda cha mninga" kisha akaleta paleti iliyopakwa rangi ya mninga, huo ni udanganyifu, na uzuri wa kazi ya fundi hauutakasi. Akisema tangu mwanzo "paleti, nimezichagua mwenyewe, hizi hapa", tumpe heshima yake. Aibu tuliyoiona katika harusi hizi ilitokana na kuficha.

Wale wanaotaka kufanya wenyewe uani, na wapo, mashaallah, anzeni na kitu kidogo: rafu ya misahafu, au benchi la kuvulia viatu. Msizing'oe mbao kwa mtaimbo, zitapasuka. Pitisheni msumeno wa chuma katikati ya ubao na kigogo mkate misumari yenyewe, kisha vichwa vyake vitolewe kwa nyundo. Osheni kwa maji na sabuni, anikeni kwa siku kadhaa, na tafuteni kila msumari uliobaki kabla randa haijagusa, maana msumari mmoja unaharibu meno ya randa ya mtu. Barakoa wakati wa msasa, hata kwa mbao safi. Vumbi la mninga wa zamani pia hukereketa kifua.

Kwa kitanda, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Paleti ya kawaida ni sentimita 120 kwa 100. Mbili zikiunganishwa zinatoa 120 kwa 200, na godoro la futi 4 kwa 6 linakaa juu yake likizidi sentimita 2 tu kwa upana. Mnaotaka futi 6 kwa 6, chukueni nne: mtapata 200 kwa 240, na godoro likikaa katikati linabaki ukingo wa karibu sentimita 28 kila upande, pa kuweka taa, maji ya kunywa na msahafu. Seremala akiwauzia meza mbili za pembeni zaidi ya hapo, kataeni. Na vanishi ipakwe nje, ikauke wiki nzima kabla ya usiku wa hina. Harufu yake ikichanganyika na udi haipendezi hata kidogo.